Mgomba wa Mohamedi Nalyambe

Michezo yangu yote ya kuigiza ni ya historia, na yote imeharibiwa na watu. Sisemi imeharibika, kama maziwa yanavyoharibika yenyewe. Imeharibiwa, na walioiharibu nawajua kwa majina.

Wa kwanza ulikuwa wa Mikindani, enzi za biashara ya watumwa. Niliuandika muda mfupi baada ya Uhuru, nikiwa mwalimu kijana pale Mtwara mjini, na nilizunguka mwaka mzima kuwahoji wazee ili kila neno liwe na shahidi. Siku ya kuuonyesha, mgeni rasmi alichelewa. Alipofika akaomba tufupishe kwa kuwa ana safari. Nikakata sehemu mbili za katikati, watumwa wakapata uhuru kabla hawajakamatwa. Watu walipiga makofi sana.

Kisha nikaandika filamu. Ilihusu vita vya Mjerumani, na ndani yake askari walikuwa wanachimba handaki huku mmoja wao anasimulia habari za mama yake. Wakaja watu na kamera, wakapiga picha ya uchimbaji siku nzima, nami nikiwa nimevaa tai. Ilipotoka, askari hawakuwemo, mama hakuwemo, na sauti ya bwana mmoja ilikuwa inaeleza namna bora ya kuchimba choo cha shimo. Gari la sinema liliizungusha wilaya nzima. Mpaka leo nikienda kwetu Nanyamba, watu wazima wenye ndevu zao wananiita Bwana Choo.

Kwa hiyo naomba nieleweke. Mwaka sabini na tatu, bwana mmoja wa filamu aitwaye Lukasi alikuja Mtwara, akaketi nyuma ya darasa akatazama mazoezi ya mchezo wangu mpya, *Mzigo wa Mjerumani*, akavua miwani yake myeusi, akasema, "Mwalimu Ismaili, huu tutaupiga wote. Mwanzo mpaka mwisho. Lakini nataka mto wenyewe, si mto wa kuchora." Niliona hiyo ndiyo nafasi, na kwamba ikipita nitakufa na jina la choo. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Mtu wa umri huo hangoji nafasi nyingine.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Mohamedi Nalyambe. Huyu si mtu wa kutungwa. Alikuwa mkulima wa Kitaya, kando ya Ruvuma, na vita vya Mjerumani vilipofika huku kusini alikamatwa shambani akatwishwa sanduku la risasi. Akavuka mto na wapagazi wenzake kuingia kwa Mreno, na hakuna aliyemwona tena. Haya nilielezwa na binti yake, Bi Mwanaisha, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sasa ana wajukuu. Nililala kwake mara kadhaa, nikala muhogo wake, nikauliza mpaka akachoka.

Kila neno nililoandika lina shahidi, isipokuwa mwisho. Mohamedi hakurudi, na mchezo hauwezi kuisha kwa mtu kutorudi. Watazamaji watakaa tu wakimngoja. Basi nikatunga kwamba alifia ng'ambo, wapagazi wenzake wakambeba, wakavuka naye mto usiku wakimkwepa Mjerumani, wakamzika kwao. Ndilo jambo pekee nililowahi kulitunga katika kazi zangu zote, na ndilo lililoniponza.

Mke wangu Sharifa ndiye aliyeshona mavazi ya michezo yote. Alipoona jina kwenye mswada akasema, "Badilisha jina."

"Historia haibadilishwi jina."

"Basi badilisha mazishi. Huwezi kuweka jina la kweli na mazishi ya uongo. Mtu huyo ana jamaa zake Kitaya."

Nikamwambia ashone. Akashona, lakini huku akisema kwa sauti ya kunifikia kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Balaa jingine lilikuwa Zeferino. Ndiye aliyemwigiza Mohamedi. Alikuwa kijana wa ng'ambo, aliyekimbia vita ya Mreno pamoja na mama yake, Olinda, wakapata shamba karibu na Kitaya. Sauti alikuwa nayo, uso alikuwa nao, ila hakujua kutembea. Mtu amebeba sanduku la risasi tangu alfajiri, yeye anatembea kama anakwenda kupokea kipaimara. Nilimfokea kila siku. "Historia iko miguuni, Zeferino! Watazamaji hawasikii nusu ya maneno, lakini miguu wanaiona."

"Sijawahi kumwona mpagazi, Mwalimu."

"Hujawahi kumwona mtu mzima aliyechoka? Baba yako hakuwahi kuchoka?"

Akaliinua sanduku upya. Nami nikadhani amenielewa.

Mazoezi yalipohamia Kitaya, tukafika kwenye mazishi, akagoma kabisa. Hataki kuvishwa sanda. Nikamweleza kwamba ni kitambaa tu, bafta ya dukani, Sharifa amekipiga pasi. Akafanya ishara ya msalaba. "Mama yangu atakuwepo, Mwalimu. Hawezi kuniona mimi humo." Nikabembeleza, nikatukana, nikabembeleza tena. Mwisho nikasema potelea mbali, nikaenda nyuma ya shule, nikakata mgomba wenye urefu wa mtu, tukauvika sanda. Ukiutazama kwa mbali usingejua. Nilijipongeza, mimi mpumbavu.

Na kwa kuwa nilitaka kila kitu kiwe cha kweli, nikamwendea imamu wa Kitaya kuazima jeneza la msikiti. Akaniuliza la nani. Nikasema, "La Mohamedi Nalyambe." Akanitazama kidogo, akanifungulia mlango.

Mpango ulikuwa hivi: Lukasi na gari lake wafike Ijumaa, Jumamosi waangalie mahali, Jumapili tupige filamu. Jumamosi adhuhuri hawajaonekana. Habari ikaja na mtu wa baiskeli kwamba gari limekwama kwenye matope upande huu wa Nanyamba na wanalisukuma. Na pale uwanja wa shule Kitaya watu wameshajaa, maana habari ya jeneza ilikuwa imeenea, wametoka mashambani, wengine wamevuka vijito na watoto. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia siwezi kuwarudisha hivi hivi. Nikasema vema, tutafanya jaribio. Nilisimama mbele nikatangaza kwa sauti kubwa: "Leo ni jaribio tu! Mchezo wenyewe ni kesho!" Nina mashahidi uwanja mzima.

Bi Mwanaisha nilimweka mbele, kwenye kiti cha mwalimu mkuu.

Tulianza vizuri. Hata Zeferino siku hiyo alikuwa anajikokota kiasi cha kuridhisha. Ndege ya vita ilipita mbali upande wa Mreno, watu wakaanza kuinuka kukimbilia mikoroshoni, ikatokomea, wakakaa tena, na waigizaji wangu hawakuacha maneno yao. Nilijisikia fahari. Mohamedi akafa ng'ambo. Wapagazi wakainua jeneza, wakavuka mstari wa majani tuliouweka kuwa mto, na Zeferino, ambaye sasa alikuwa mpagazi mwingine kwa kuwa tulikosa watu, akapaza sauti: "Wenyeji wa Kitaya! Mohamedi Nalyambe amerudi!"

Bi Mwanaisha akasimama. Akavua kilemba chake. Akalia kilio kimoja kirefu, na wanawake wote wakakipokea, na hicho hakikuwa kilio cha mchezo. Niliwaza, kesho akilia hivi mbele ya kamera, nimefika.

Ndipo akatokea Mussa Chisui. Huyu ni Myao, na Wayao ni watani wa hawa Wamakonde tangu babu na babu. Alitoka katikati ya watu, akajitupa chini mbele ya jeneza, akalala kwa upana kuzuia njia. "Hapiti!" akapiga kelele. "Huyu mvivu hapiti! Mzigo mmoja tu umemchukua miaka yote hii! Ulikuwa wapi, Mohamedi? Ulikuwa kwa Mreno unakula nguruwe? Umesikia muhogo umeiva ndiyo unarudi?"

Uwanja ukaangua kicheko huku unalia. Mtani mwingine, mwanamke, akajifunga kanga kiunoni akaanza kutembea kama mtu aliyeelemewa, sanduku kichwani, makalio nje, na kusema kweli alitembea vizuri kuliko Zeferino. Chisui akasema hainuki mpaka apewe jogoo. Nikajiuliza jogoo atatoka wapi, na hapo hapo jogoo akatoka, amefungwa miguu, mikononi mwa mjukuu wa Bi Mwanaisha. Kumbe walikuja naye. Wao walijua wanakuja kwenye nini. Mimi mtunzi ndiye niliyekuwa sijui.

Watani wakawanyang'anya waigizaji wangu jeneza, wakaondoka nalo. Nikawakimbilia na mswada mkononi. "Rudini! Bado sehemu ya nne! Afisa wa Kijerumani hajazungumza!" Afisa wangu wa Kijerumani, mwalimu mwenzangu aliyepakwa unga usoni, alikuwa mbele yangu, amelishika jeneza kwa zamu yake.

Walikwenda makaburini. Watani ndio wachimbaji, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa tangu asubuhi, kando ya kaburi la mkewe. Imamu alikuwepo. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Maalimu, wewe ni msomi, waambie. Huo ni mgomba." Akasema, "Naujua mgomba, Mwalimu. Mgomba siusalii. Marehemu ambaye hayupo nitamsalia, hilo lina ruhusa." Na akafanya hivyo. Kisha wakaushusha mgomba wangu, na sanda ya Sharifa, wakafukia.

Jumapili asubuhi Lukasi akaingia na gari limejaa tope mpaka kwenye vioo. Nilikuwa nimeshakata mgomba mwingine. Nikaubeba nikaenda kwa Bi Mwanaisha, maana nilijua kila kitu kitamtegemea yeye. Uwani kwake mkeka wa msiba ulikuwa umetandikwa na wanawake wamekaa. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikaeleza kwa unyenyekevu kwamba wageni wamefika, na kwamba tunaomba turudie yale ya jana, kidogo tu, mbele ya kamera.

"Kurudia nini?"

"Mazishi."

"Ntu hazikwi mara mbili, mwanangu."

"Bi Mwanaisha, ule ulikuwa mgomba."

"Najua ulikuwa ngomba. Nina macho."

"Na baba yako hakurudi. Ile sehemu niliitunga mimi, nyumbani kwangu, kwenye meza yangu."

"Mimi ndiye niliyekwambia hakurudi. Unadhani nimesahau?"

"Sasa?"

"Sasa amerudi."

Niliketi bila kukaribishwa. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba kwao msiba hauanzi mpaka maiti ifike. Mama yake alimngoja mumewe hadi alipokufa. Hakukaa eda, hakuolewa, hakuna aliyemtandikia mkeka. "Mama yangu amelala kaburini si nke wala si njane," akasema. "Jana amekuwa njane. Sasa wewe unataka nimfukue baba yangu kwa ajili ya sinema?"

Mtu mwenye moyo mwema angenyamaza hapo. Mimi nilisema, "Na filamu yangu je?" Ndiyo, nilisema hivyo, na ningesema tena. Nilikuwa na uchungu. Kila mtu pale alipata alichokitaka isipokuwa mimi.

"Filamu yako izikie ntu mwingine," akasema. "Wapo wengi."

Nikajaribu kwa Zeferino na wenzake. Nikawaambia tubadilishe jina, tumwite marehemu jina lolote, hata langu. Hakuna aliyetaka kuigusa sanda. Afisa wa Kijerumani alikuwa amenawa uso na anasaidia kuchinja yule jogoo. Lukasi akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani yake. "Mwalimu, bila mazishi huna mwisho. Filamu isiyo na mwisho nitaipeleka wapi?"

"Ungewahi jana ungeipata!"

"Ningewahi jana wangenizuia kupiga picha msibani."

Alikuwa na haki, na hiyo ilinikera zaidi. Akatembea uwanjani akiangalia jua, mikono nyuma, mtu aliyekabidhiwa kamera na lazima arudi na kitu. Akaona makopa ya muhogo yameanikwa juu ya chanja nyumbani kwa mjukuu wa Bi Mwanaisha. Akauliza yanakaushwaje ili yasiote ukungu. Bi Mwanaisha akainuka kwenye mkeka wake, kwa ruhusa ya watani wake, akaenda kumwonyesha. Walipiga picha mpaka mchana. Mwanamke huyo aliyekataa kuniazima machozi yake alisimama mbele ya kamera akimenya muhogo, akigeuka kushoto, akigeuka kulia, akiuliza, "Nicheke?"

Nilikaa ngazini shuleni, nikautupa ule mgomba wa pili pembeni. Nilijua itakavyokuwa. Jina langu litatajwa humo mwishoni, na nitakapokwenda Nanyamba wataniita Bwana Makopa.

Hapo ndipo Olinda alipokuja, Zeferino nyuma yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye chale za Kimakonde usoni, na kwa muda wote wa mazoezi sikuwahi kusikia sauti yake. Akanisalimu, akakaa chini. Zeferino akabaki amesimama anaangalia miguu yake.

"Mwalimu," Olinda akasema, "nitungie na wa kwangu."

"Wako nani?"

"Domingo. Baba yake huyu."

Nikamtazama Zeferino. Hakuinua uso.

Akanieleza. Walikimbia wakati Mreno alipokuwa anachoma vijiji, Zeferino akiwa mdogo. Walipofika huku, usiku uleule, wakafungua mizigo, wakakuta kinu kipo, mchi haupo. Domingo akasema anarudi kuufuata. Olinda akamwambia michi iko mingi duniani. Domingo akasema huo aliuchonga mwenyewe, kwa harusi yao. Akavuka. Hakurudi.

"Alikufa?" nikauliza.

"Sijui."

"Nani alimwona mara ya mwisho?"

"Mimi. Mgongo wake tu."

"Mama, mimi naandika historia. Nahitaji shahidi. Siwezi kumrudisha mtu ambaye hata hatujui..."

"Wa Mohamedi shahidi alikuwa nani?" Zeferino akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu hivyo. Nikamwona vizuri, pengine kwa mara ya kwanza, kijana niliyemwuliza mbele ya wenzake kama baba yake hakuwahi kuchoka. Niliumia. Nikakasirika kwa kuwa nimeumia.

"Mnajua mnachoniomba?" nikafoka. "Niandike mwaka mzima, nifundishe watu, Sharifa ashone, halafu uchezwe mara moja tu, huku porini, na mwisho mnichukulie kila kitu mwende nacho makaburini! Hiyo ni kazi gani? Nani atajua kwamba niliandika?"

"Mara moja inatosha," Olinda akasema.

Kule kwenye chanja Lukasi alikuwa anawaagiza watoto wasiingie kwenye picha. Nilikuwa na kalamu mfukoni na nyuma ya mswada wa *Mzigo wa Mjerumani* kulikuwa na nafasi nyingi, kwa kuwa hautachezwa tena. Niliugeuza kwa hasira.

"Alikuwa anatembeaje?" nikauliza.

"Nani?"

"Domingo! Kabla sijaandika lolote, lazima nijue miguu yake. Nimechoka na watu wanaotembea ovyo."

Olinda akainuka. Akakaza kanga yake, akatazama upande wa mto, akaanza kutembea. Alikwenda polepole, bega moja chini, mguu mmoja ukiburuta kidogo, kama wa mtu aliyewahi kuangukiwa na gogo na hataki uonekane. Alikwenda mpaka kwenye mstari wa majani ya jana, yaliyokuwa yamenyauka. Mbele yangu sikuwa namwona tena yeye. Nilimwona mwanamume anayefuata mchi.

Zeferino alikuwa anamtazama, mdomo wazi. Kisha akatoka kivulini, akasimama nyuma ya mama yake, akainamisha bega, akajaribu.

"Siyo huo!" nikamfokea. "Mguu wa kushoto. Rudia."